Chungu cha Skolastika

Siku ya kuniaga, walimu wenzangu walinizawadia saa ya ukutani. Nimeshukuru sana, ingawa mpaka leo najiuliza ni nani aliyefikiri kwamba mtu aliyeishi kwa kengele miaka thelathini na saba angependa kuendelea kujua ni saa ngapi. Nimeitundika jikoni. Inakwenda mbele kidogo, kama walimu wakuu wote niliowahi kufanya nao kazi.

Mwalimu Neema, binti aliyerithi meza yangu na vipindi vyangu, aliniomba kitu kingine. "Mama, hotuba tumeisikia," alisema. "Sasa tuandikie yale ambayo hukuyasema kwenye hotuba." Nimekaa na ombi hilo miezi miwili hapa nyumbani Pito, kati ya kupalilia mahindi na kufukuza mbuzi wa jirani. Vyeo sikuwa navyo vya kusimulia, na mshahara wa mwalimu mnaujua wenyewe, kwa hiyo tuanze na udongo.

Niliripoti kazini Chala mwezi wa Julai, nikiwa na sanduku la bati na blanketi moja. Mliozaliwa huku Ufipa hamhitaji kuelezwa kuhusu blanketi moja kwenye baridi ya Julai. Mkuu wa shule alivisoma vyeti vyangu, akavigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, kisha akaniuliza kama najua kuimbisha kwaya. Nikasema sijui. "Basi utafundisha kazi za mikono," akasema, na hivyo ndivyo nilivyopata fani yangu. Vifaa vya somo vilikuwa kwenye kabati lisilo na kitasa: mapanga mawili, moja halina mpini, sindano nne za kushonea magunia, na ndoo ya udongo uliokauka ukawa jiwe.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Kizito, msaidizi wa mkuu, mzee mfupi aliyevaa koti la sufu ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Chuoni nilikuwa nimefundishwa maana ya ufinyanzi na umuhimu wake kwa taifa. Yeye alinipeleka bondeni na jembe. Alinionyesha kwamba udongo ukishachimbwa unaachwa ulale siku kadhaa, unatolewa vijiwe kimoja kimoja, halafu unachanganywa na vigae vya chungu cha zamani vilivyosagwa ili kipya kisipasuke motoni. Ukitaka kujua kama umekandwa ukatosha, viringisha kipande kiwe chembamba kama kamba ya kiatu, kizungushe kidoleni. Kikikatika, rudi kukanda. Mpaka nimestaafu sijapata kipimo kizuri kuliko hicho.

Siku hizo kila mwanafunzi alitakiwa kuleta kitu alichotengeneza mwenyewe mwisho wa muhula: mfagio, mpini wa jembe, kamba, mkeka, chungu. Na kila mwisho wa muhula wazazi wa Chala walifanya kazi kubwa sana. Baba alichonga, shangazi alisuka, bibi alifinyanga, na mtoto alibeba. Mwalimu Kizito alikuwa na dawa yake. "Mtoto akikuletea mpini, usishike mpini," aliniambia. "Mwambie, lete mikono. Mpini unaweza kudanganya, lakini malengelenge hayaazimwi." Kweli, alikuwa akipita dawati kwa dawati akigeuza viganja kama mtu anayenunua mbuzi, na wale waliobebeshwa kazi za shangazi walianza kulia kabla hajawafikia. Nilimsikiliza kwa heshima zote, kisha nikasahau. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilipenda vitu vinavyong'aa.

Katika darasa la nne kulikuwa na msichana anaitwa Skolastika, mwembamba, aliyelelewa na bibi yake. Huyu aliuliza. Mbona pombe ya ulezi inatoa povu na uji wake hautoi? Mbona kivuli changu hakina rangi ya sketi? Mbona nzi anatembea darini haanguki? Kipindi cha dakika arobaini kilikuwa kinaweza kuisha kwenye nzi. Nilimlalamikia Mwalimu Kizito, akanikumbusha kwamba kuuliza si ujinga. Maneno hayo yalikuwa yamebandikwa kwenye ukuta wa ofisi yetu, juu kidogo ya mahali tulipoweka fimbo.

Mwisho wa muhula vyungu vikapangwa juu ya madawati. Kimoja kilikuwa cheusi, kimesuguliwa kwa jiwe mpaka kinateleza, kina nakshi shingoni. Mimi mwenyewe nisingeweza kukifinyanga. Nikakipa kumi kwa kumi bila kumwambia mtoto alete mikono. Nikafika kwa Skolastika. Chake kilikuwa kidogo, kimeinamia upande mmoja, kimeungua nusu, na karibu na mdomo kilikuwa na tundu lenye ukubwa wa punje ya hindi. Nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha ili darasa zima lione.

"Skolastika, chungu kinachovuja ni chungu?"

Darasa likacheka.

"Mwalimu, hicho nili..."

"Nimekuuliza swali."

"Hapana, Mwalimu."

Nikaandika mbili kwa kumi. Nikatangaza kwamba moja ni ya udongo na moja ni ya kukibeba. Wakacheka tena, na nikiri kwamba nilifurahi, kwa sababu mwalimu mgeni anayechekesha hupendwa upesi.

Hakuja kukichukua chungu chake. Nikaanza kukitumia kuwekea chaki, nacho kilinifaa: vumbi lilitokea tunduni, chaki zikabaki safi. Skolastika naye hakuuliza tena mbona. Alikaa, aliandika, alijibu alipoulizwa. Kwenye ripoti yake ya mwaka ule nilimwandikia bibi yake: "Amebadilika sana, siku hizi ametulia." Niliandika kama sifa. Bibi hakujua kusoma, kwa hiyo Skolastika mwenyewe ndiye aliyemsomea.

Baada ya miaka sita nikahamishwa. Nilikaa bondeni upande wa Ziwa Rukwa, ambako udongo ni mzuri na mbu ni wazuri zaidi, kisha nikarudishwa huku juu, hapa Pito. Kila nilipohama, chungu cha chaki kilifungwa kwenye kitenge kikasafiri nami. Wanafunzi wangu wakaanza kupeleka kazi zao kwenye maonyesho. Nilikuwa nafinyanga kimoja mbele ya darasa, nakiweka mezani, na wao wanakifuata. Mkaguzi mmoja aliviangalia vyungu arobaini vilivyofanana, akasema, "Mwalimu, utadhani vimetoka kiwandani!" Niliyabeba maneno yake mpaka nyumbani kama zawadi.

Lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua, na nililiona kila mwaka. Ukiwapa darasa la kwanza udongo, hawasubiri. Kabla hujamaliza kugawa, huyu keshatengeneza ng'ombe mwenye miguu sita, yule kaweka kiatu cha Mungu, na ukiuliza kwa nini Mungu ana kiatu kimoja unaambiwa kingine kinafuliwa. Wape udongo uleule darasa la sita. Wanauweka mbele yao, wananyoosha mikono, wanauliza, "Mwalimu, tutengeneze kama kipi?" Ni watoto walewale. Niliwafundisha wengine tangu wakiwa na ng'ombe wa miguu sita. Kile kitu kinakwenda wapi? Niliamini ni umri tu, kwamba kinatoka chenyewe kama meno ya utotoni, na mahali pake panaota akili. Wazo hilo lilinifaa kwa sababu halikunihusu.

Miaka miwili kabla sijastaafu nikapewa darasa la watu wazima, alasiri, watoto wakishatoka. Walikuwa kina mama kumi na wanaume wawili walioketi karibu na mlango. Mkubwa kuliko wote alikuwa Bibi Veredi, amevuka sabini, amekuja kujifunza kuandika jina lake kwa sababu amechoka kupakwa wino kwenye kidole gumba kila anapokwenda ofisini. Kila kipindi kilianza kwa mwalimu kumpa mwanafunzi shikamoo. Aliitika marahaba, kisha akafungua daftari kwa unyenyekevu mkubwa.

Siku moja nilikuwa natafuta chaki ndefu. Bibi Veredi akanyoosha kalamu yake kuelekea meza yangu.

"Mwalimu, hicho ni cha nini?"

"Ni chungu kilichoharibika, Bibi. Naweka chaki."

"Sikuulizi unaweka nini. Nauliza ni cha nini."

Nikampa. Alimwaga chaki zangu juu ya meza bila kuomba ruhusa, akakigeuza, akaingiza kidole tunduni, akapapasa kingo zake. "Hili halikupasuka," akasema. "Limetobolewa udongo ukiwa mbichi, na likalainishwa kwa kidole. Kidole kidogo." Akaagiza maji na bakuli lenye kina. Akakijaza, akaziba tundu kwa gumba, akalifunika bakuli juu yake, akavipindua vyote kwa pamoja, halafu akaachia gumba. Maji yakatoka tunduni, yakapanda bakulini mpaka yakalifunika tundu. Yakasimama. Akachota kidogo kwa kiganja. Yakatoka kidogo, yakasimama tena.

"Aliyetengeneza hiki alikuwa na vifaranga," akasema Bibi Veredi. "Kifaranga anakunywa pembeni, haingii akalowa. Ana akili sana mtu huyo. Ni nani?"

Niliwaambia wanafunzi wangu waandike majina yao mara kumi, nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo, mahali ambapo walimu wote tunakwenda kuwazia. Nilimwona mtoto yule akisema "Mwalimu, hicho nili..." Nililia, na sioni haya kuliandika.

Wiki iliyofuata Bibi Veredi alikuja na vyombo vitatu vya kwake. Kimoja alikuwa amekiwekea kishikio, kingine kina matundu mawili ili vifaranga wasigombane. Cha tatu kilikuwa kikubwa, cha mbuzi. Kile cha mbuzi kilishindikana, kwa sababu mbuzi alikipiga pembe kabla hajaonja maji, na Bibi alituhadithia akicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Nilimtazama mwanamke yule wa miaka sabini na kitu, kucha zimejaa udongo, na wazo langu la meno ya utotoni likafa palepale. Kwake hakikutoka. Nikamuuliza imekuwaje. Akafikiri. "Labda kwa sababu sikwenda shule," akasema, kisha akaomba radhi.

Nikaanza kumtafuta Skolastika. Chala waliniambia bibi yake alifariki zamani, mjukuu aliolewa mjini. Mjini wakaniambia yuko Majengo, ana duka la pembejeo. Nililijua duka lile. Nilikuwa nimepita mbele yake miaka mingi nikienda kununua samaki wa migebuka.

Nilifika asubuhi, na chungu ndani ya kitenge. Dukani kulikuwa na mbegu, dawa za mifugo, na kwenye kamba juu ya kichwa cha muuza duka vilining'inia vyombo vya plastiki vya kunyweshea vifaranga, vyekundu chini na vyeupe juu. Mama mnene kidogo mwenye miwani akainua kichwa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka. Nikupe nini?"

Njia nzima kutoka Pito nilikuwa nimejifunza maneno ya kuomba radhi, yote yakanitoka. Nikafungua kitenge, nikakiweka chungu kwenye kaunta.

"Umekitunza?" akauliza polepole.

"Nilikuwa naweka chaki."

Alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha ndani yake. Ndipo nikamuuliza swali nililotakiwa kumuuliza akiwa na miaka kumi. "Skolastika, hiki ni cha nini?"

Akaingia mteja akitaka dawa ya viwavi, Skolastika akampa ya kupe, ikabidi amkimbilie barabarani kumbadilishia. Aliporudi alisimama akishika kingo za kaunta.

"Cha vifaranga," akasema. "Vya bibi vilikuwa vinaingia kwenye sahani ya maji, vinalowa, na baridi ile ya Juni tunaviokota asubuhi vimekufa. Sasa siku moja nilikuwa naosha mtungi uliomeguka mdomo. Nikaufunika kwenye bakuli, maji yakatoka kidogo, yakasimama. Nikasema, mbona yamesimama? Ndiyo nikafinyanga hicho."

"Kumbe ulijua."

"Sikujua, Mwalimu. Nilikileta nikuulize. Nilitaka uniambie mbona maji yanasimama. Na tundu likae wapi, maana langu nadhani lilikuwa juu mno."

Alama mbili zile ningeweza kuzifuta hata siku ile. Swali la mtoto wa miaka kumi unalirudishaje? Na jibu lenyewe sikuwa nalo wakati ule. Nilikuja kulipata mwaka jana tu, kwa Neema, anayefundisha sayansi, aliponieleza habari za mgandamizo wa hewa huku akichora ubaoni.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema.

"Yamepita, Mwalimu. Tulikuwa watoto."

"Mimi sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu."

"Wangu wa kwanza ana ishirini na nne," akasema, "na bado hajui kufunga geti." Hapo alitabasamu.

Nikamuuliza kama aliwahi kufinyanga tena. Akatikisa kichwa. Tangu siku ile hakushika udongo. Hakuchukia, alisema, aliona tu kwamba mambo ya kutengeneza vitu ni ya watu wengine. Akaonyesha vyombo vya plastiki juu yake. "Hivi nauza. Vinapasuka sana, lakini nauza."

"Hebu tukijaribu," nikasema.

Hakutaka. Kisha akatazama mlangoni kama kuna mteja, akachukua sahani ya chai na jagi. Tukakijaza, tukafunika, tukapindua. Maji yalitoka meupe kwa chaki za miaka yote ile, yakajaa sahani, yakapita, yakamwagika kwenye kaunta, yakalowesha kalenda na daftari la simu. Nilianza kufuta kwa kitenge changu. Yeye alikuwa ameinamisha uso mpaka karibu na tundu.

"Umeona?" akapaza sauti. "Juu mno! Nilijua! Kwa bibi tulikuwa na bakuli refu ndiyo maana hayakumwagika." Akashusha chombo kimoja cha plastiki, akakiweka pembeni. "Mbona hawa wametoboa hapa? Na mbona chao hakilowani ubavuni na cha udongo kinalowana? Kikilowana maji yanakuwa baridi zaidi au hayawi? Mbona..."

Aliacha kusema akanitazama, kama aliyekumbuka yuko na nani. Nikamwambia aendelee. Niliondoka saa sita, na chungu nikamwachia mwenyewe.

Neema, na ninyi wengine, kalamu nyekundu iko kwenye droo ya kushoto. Inaandika vizuri. Miaka yangu miwili ya mwisho sikuishika kabla ya kuuliza kitu ni cha nini, na nawaambieni kazi inakwenda polepole mno. Mnaweza msimalize vyungu vya darasa zima kwa wiki. Majibu mengi ni ya uongo, na mengine ni viatu vya Mungu. Ulizeni hata hivyo, na siyo watoto tu. Kile nilichodhani kinatoka na umri, nimekiona kikiwa kimekaa kimya dukani Majengo kikisubiri mtu aulize.

Jumamosi iliyopita nilikuwa jikoni, saa yenu ikisema saa nne wakati bado dakika kumi, nikasikia bodaboda imesimama nje. Alikuwa Skolastika, amekumbatia boksi la mbegu. Tukasalimiana, akaliweka juu ya meza, akaanza kulifungua.

"Ngoja," nikamwambia. "Kwanza lete mikono."

Akanitazama, kisha akacheka. Mwalimu Kizito aliwahi kuigeuza mikono hiyohiyo. Akainyoosha juu ya meza yangu, viganja juu. Udongo ulikuwa umekauka kwenye mistari ya viganja na chini ya kucha zote kumi. Niliishika muda mrefu kuliko ukaguzi ulivyohitaji.

Kisha akatoa chungu. Kilikuwa na midomo miwili, mmoja ndani ya mwingine, na ubavuni matundu matatu yaliyopanda kama ngazi. Katika maisha yangu yote ya kazi sijaona kitu kama kile. Nikakizungusha mara mbili nisielewe.

"Hiki ni cha nini?" nikauliza.

"Bado sijui, Mwalimu," akasema Skolastika. "Ndiyo maana nimekileta."

Nikamvutia kiti.